Mzee wa Upande wa Pili

Jumatatu, 5 Juni 1967

Mvua tena kabla ya kengele. Darasa la tatu wameingia na matope mpaka magotini. Nikawaambia waache miguu nje, wakacheka. Jedwali la kuzidisha la saba. Bado hawalijui.

Sebule ya Mzungu si mahali pa kufundishia. Dari liko juu sana, sauti inapanda na kurudi, mtoto mmoja akikohoa unafikiri ni wawili. Lakini kamati ya kampuni iliyonunua shamba imesema shule ikae hapa mpaka shamba likatwe vipande na kila mwanahisa ajue chake. Mimi nimepewa chumba kidogo nyuma ya jikoni. Baba na Mama wako upande wa pili wa shamba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani, na wanahisa wengine.

Jioni dari limevuja juu ya kabati kubwa. Nimelisukuma peke yangu. Nyuma yake kuna sanduku la kijivu lenye mpini. Nikafikiri ni cherehani. Ni gramafoni ya betri. Pembeni yake sahani za santuri, kubwa chache na ndogo nyingi, zimefungwa kwa gazeti.

Wenyewe walihama mwaka jana. Sijui kama waliisahau au waliiacha. Ni vitu viwili tofauti.

Jumatano, 7 Juni

Nimemwambia mwalimu mkuu, Bwana Wafula. Akasema ni mali ya kampuni, niandikishe kwa kamati, lakini hakuna ubaya kujaribu kama inafanya kazi. Nimeweka betri. Inafanya kazi.

Sahani kubwa ni kwaya ya kanisa na bendi ya tarumbeta. Nzuri. Zinaimba sawasawa.

Sahani ndogo ni habari nyingine. Karibu zote ni za ile bendi kubwa ya Uingereza ambayo jina lake hata watoto wa darasa la tatu wanalijua. Nimefurahi sana, halafu nimevunjika moyo. Upande wa kwanza wa kila sahani umelika. Watoto wa Mzungu waliupiga mpaka wakaumaliza. Ukiweka sindano inateleza kama ng'ombe kwenye utelezi, inafika katikati, kwisha. Mngurumo tu.

Nikazigeuza. Upande wa nyuma unang'aa kama mpya. Nadhani hakuna aliyewahi kuusikiliza.

Kwa hiyo nyimbo maarufu sina. Ninazo zile nyingine.

Alhamisi, 8 Juni

Nimesikiliza mbili baada ya shule. Sikutarajia nilichosikia. Sauti ni ya mtu mzima. Mzee kabisa. Nzito, inatoka chini kifuani, kila neno linakuja taratibu kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Gitaa linalia polepole. Ngoma kama mtu anapasua kuni mbali.

Kwenye redio husemwa hawa ni vijana na wasichana huwapigia kelele. Nani apige kelele kwa sauti hii? Ni sauti ya kunyamaziwa.

Jumamosi, 10 Juni

Mjini. Chaki, sabuni, chumvi ya Mama. Nimepita dukani kwa Halima. Mume wake, Bwana Adan, ana lori, anahamisha vyombo vya Wazungu wanaoondoka na kurudi na vile wasivyovitaka. Nusu ya duka ni vitambaa, nusu nyingine ni viti vya watu waliokwenda zao.

Redio yake ilikuwa imewashwa. Kwa bahati wakapiga wimbo wa bendi hiyo hiyo. Nikasimama na chumvi mkononi. Sauti nyembamba, za haraka, kama wavulana wanaofukuzana. Si yule mtu wangu. Haiwezekani.

Halima aliona picha yao kwenye gazeti. Anasema ni vijana wembamba, nywele zimefunika masikio. Hakuna mzee hata mmoja. Nikamweleza nilichosikia. Akaweka jora la kitambaa chini ili anisikilize vizuri. Ndiyo maana nampenda Halima. Ukimwambia jambo la ajabu haulizi lina faida gani.

Anafikiri ni baba wa mmoja wao. Labda wanamwonea haya, wanamficha upande wa nyuma.

Jumanne, 13 Juni

Nimemuuliza Bwana Wafula. Anasema pengine upande wa nyuma huimbwa na mtu mwingine, analipwa kidogo, jina haliandikwi. "Kama mwalimu msaidizi," akasema. Mimi ni mwalimu msaidizi. Sikucheka.

Lakini karatasi ya katikati ya sahani ina jina la bendi pande zote mbili. Sielewi. Nalala nikifikiria hilo badala ya jedwali la saba.

Jumamosi, 17 Juni

Baba alikuja kuziba dari. Alikuwa juu ya ngazi na kipande cha bati. Mimi chini nikaweka wimbo ninaoupenda kuliko zote. Nyundo ikanyamaza. Nikafikiri amemaliza. Niliponyanyua macho, ameketi juu ya ngazi, nyundo magotini, anatazama ukuta.

Wimbo ulipokwisha akasema, "Rudisha huyo mzee."

Nikamrudisha. Akashuka, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Baba hapendi muziki. Sijawahi kumsikia akiimba hata kanisani, anasogeza midomo tu. Leo amesikiliza mara tatu. Hakusema ni nzuri. Akaenda na ngazi yake.

Dari bado linavuja.

Jumatatu, 19 Juni

Amerudi. Anauliza mzee anasema nini. Kwa kuwa mtu huyu anaimba polepole, Kiingereza chake nakipata neno kwa neno. Nimemtafsiria Baba kwa lugha yetu, hapa naweka kwa Kiswahili. Mtu amechelewa. Basi limemwacha. Anatembea kwa miguu, viatu vimelowa. Anawaambia walio nyumbani wasifunge mlango, wasizime taa, yuko njiani. Ni hivyo tu. Anarudia yuko njiani, yuko njiani. Mwishoni, gitaa likishanyamaza, kuna sauti fupi kifuani mwake. Analia. Analia kama wanaume wanavyolia, mara moja, halafu anajikaza.

Wimbo ulipofika hapo Baba akainuka akaenda kusimama mlangoni.

Wimbo huu hakuna anayeujua. Nimeuliza walimu wote, nimemwomba Halima aulize wateja wake. Wanajua ule wa mbele. Huu wa nyuma, hapana. Nawaza ni watu wangapi wameishika sahani hii mkononi na hawakuigeuza.

Jumamosi, 24 Juni

Sasa Baba anakuja kila jioni akishakamua. Analeta maziwa kama kisingizio. Mama anauliza mbona Baba ameanza shule uzeeni. Tunasikiliza, anakunywa chai, anarudi kabla ng'ombe hawajalala. Ninaona uso wake unabadilikabadilika.

Nina hamu ya kujua anasikia nini. Siwezi kumuuliza. Kwetu baba haulizwi hivyo.

Alhamisi, 29 Juni

Kamati imetoa tangazo. Vyombo vyote vilivyobaki ndani ya nyumba kubwa vitauzwa kwa mnada Jumamosi ya tarehe nane, ili kampuni imlipe mpimaji wa ardhi. Kura ya vipande itafuata mwezi wa Agosti. Watu wamefurahi. Wamechoka kungoja. Mimi nimetazama sanduku la kijivu.

Nimemwambia Baba. Alikunywa chai ikiwa bado ya moto mno.

Jumapili, 2 Julai

Mkutano wa wanahisa baada ya kanisa, kwenye banda la kukamulia. Nimekwenda kwa sababu Mama aliniambia Baba anataka kusema. Baba hasemi mikutanoni. Hata siku ya kuchagua kamati hakusema.

Akasimama, kofia mkononi. Akasema ile gramafoni isiuzwe, ibaki kwa shule, watoto wajifunze nyimbo.

Mwenyekiti wa kamati akamtazama. "Mzee Lelei, tumesikia unakaa kwa nyumba ya Mzungu kila jioni ukisikiliza Wazungu. Sisi tumetoa jasho tukawaondoa. Wewe unawarudisha kwa mlango wa nyuma?"

Wakacheka. Si kicheko kibaya sana, lakini walikuwa wengi. Baba akasubiri waishe. Akasema, "Nimeomba tu." Akakaa.

Nimemchukia Mwenyekiti. Naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 3 Julai

Baba hakuja. Nimekunywa chai ya watu wawili.

Jumanne, 4 Julai

Amekuja. Mvua kubwa, mabegani ana gunia. Hakutaka tuwashe gramafoni. Akaketi akasema bila mimi kuuliza.

Najua nilikuwa na baba mdogo, Kiprono. Najua alikwenda vita vya Wazungu, kule Burma, na hakurudi. Nilikuwa mtoto wa mgongoni. Nyumbani jina lake halitajwi. Nilidhani ni desturi. Kumbe ni Baba asiyetaka.

Akaniambia hivi. Wenzake Kiprono walirudi kwa makundi. Kila kundi likisema yuko kwenye kundi linalofuata. Halafu makundi yakaisha. Hakuna aliyemwona akifa, hakuna aliyeleta kitu chake. Kwa hiyo hakuliliwa. Unamliliaje mtu ambaye yuko njiani?

"Sauti ya huyo mzee," akasema, "ni ya watu wa kwetu. Ni ya baba yangu. Kama Kiprono angerudi, leo angekuwa mtu mzima, angekuwa na sauti hiyo."

Nikaongeza kuni.

Alhamisi, 6 Julai

Nimepata wazo. Bwana Adan ana mashine ya sahani pale dukani, kubwa, ya mbao, ya stima si ya betri. Kabla ya mnada nimpeleke mzee wetu akaimbe pale. Halima amsikie kwa masikio yake, labda Bwana Adan amjue ni nani. Kama ana jina, Baba apate jina. Hata kama gramafoni itakwenda.

Nimeomba ruhusa ya kesho mchana. Sahani nimeifunga kwa leso.

Ijumaa, 7 Julai

Sijui nianzie wapi.

Halima alifunga mlango wa mbele ili tusisumbuliwe. Bwana Adan alikuwa msikitini bado. Tukaiweka sahani sisi wenyewe. Ikaanza. Nikasema mashine imeharibika. Gitaa linakimbia. Ngoma inaruka. Halafu sauti. Ya kijana. Nyembamba, nyepesi, inaharakisha maneno, anakaribia kucheka. Ni wale wale wa redio.

Nikaiondoa. Nikaangalia karatasi ya katikati. Ni ile ile. Nikaigeuza nikairudisha. Ni ile ile.

Bwana Adan akaingia, akatukuta tumeinama kama watu waliopoteza sindano. Nikamweleza. Akacheka kwa upole, akanionyesha kiswichi kando ya mashine, na namba zake. Sahani kubwa huzunguka polepole. Hizi ndogo huzunguka haraka. Akasukuma kiswichi kwenye namba ya sahani kubwa, na mara ile mzee wetu akaingia dukani. Polepole, mzito, na mzigo wake. Akasukuma tena. Kijana.

"Ya kwenu kiswichi kimekatika," akasema. "Imekwama kwa zile kubwa."

Nikakumbuka kuna kipande cha chuma chini ya mkono wa sindano, kama jino lililovunjika. Nilidhani ni cha kufungia.

Kwa hiyo hakuna mzee. Hajawahi kuwako. Kwa mwendo wake wa kweli wimbo huu ni wa kijana aliyechelewa kurudi kutoka dansi. Maneno ni yale yale, basi, viatu, mlango, taa. Lakini anafurahi. Na ile sauti ya mwisho, ile niliyomtafsiria Baba kwamba ni kilio, ni kicheko. Anacheka tu, kama mtu aliyetekenywa.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Halafu, njia nzima ya kurudi, udadisi ukaishinda hasira. Kitu kimoja, pande mbili, na ndani ya upande mmoja bado kuna watu wawili.

Halima alinisindikiza mpaka barabara ya Kaptagat. Anasema nisimwambie. "Mashine inauzwa kesho, Mwalimu. Mwache abaki na mzee wake. Umwambie kwa faida gani?"

Halima amesema faida. Ndipo nilipojua na yeye ameguswa.

Jumamosi, 8 Julai

Mnada. Vitanda, kabati, beseni la kuogea ambalo walilibeba watu wanne wakicheka. Baba hakuja. Alikwenda kuangalia ua ambao hauna shida yoyote.

Gramafoni na sahani zake zimechukuliwa na Bwana Adan. Mwenyekiti alijaribu kushindana naye kidogo, halafu akaacha. Nilimtazama Bwana Adan anafunga mfuniko. Hakunitazama. Nikafikiri, basi. Nimepumzika. Sasa hakuna la kumwambia Baba, kitu chenyewe hakipo.

Jioni nikamwambia tu imekwenda mjini. Akaitikia kwa kichwa.

Sijisikii nimepumzika.

Ijumaa, 14 Julai

Wiki nzima Baba hajaja. Mama anasema anakula vizuri, analala mapema, amerudi alivyokuwa. Anasema hivyo kama mtu anayetangaza ugonjwa.

Watoto wamepata jedwali la saba. Wote isipokuwa Kibet. Sikufurahi ilivyopasa.

Jumamosi, 22 Julai

Lori limesimama mbele ya nyumba. Nikafikiri wamekuja kuchukua na milango. Akashuka Bwana Adan, na Halima amefunga mtandio wa kijani, na sanduku la kijivu.

Amelitengeneza. Ameweka kiswichi kipya alichokitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Amesafisha sindano. Analirudisha kwa shule. Anasema alisikia habari za ule mkutano, na kwamba kwao mzee akiomba kitu mbele ya watu na watu wakamcheka, aibu si yake. Akasema hivyo kwa ufupi, akaanza kuzungumzia barabara.

Halima nyuma yake ameniangalia na macho yake yanasema, mimi sikumtuma, sikuweza kumzuia.

Nimeshukuru. Nimeshukuru kweli. Sasa inaimba sawasawa. Baba akija, mimi ndiye nitakayesukuma kiswichi.

Jumapili, 23 Julai

Nimekaa na kiswichi mchana kutwa. Polepole, haraka, polepole. Naweza kuweka polepole na kunyamaza. Baba hatajua kamwe. Hawezi kusoma namba zile, na hata akizisoma hazimwambii kitu. Yule mzee atakuwa wetu maisha.

Lakini ni mimi nimemtafsiria kilio. Aliamini kwa sababu nilimwambia. Na mimi nikiwa mahali pake ningetaka kujua. Daima ningetaka kujua. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo lililonifanya mwalimu.

Bado sijaamua. Mama amemwambia imerudi. Atakuja kesho.

Jumatatu, 24 Julai

Alikuja mapema, amevaa koti la kanisani. Hakuleta maziwa.

Nilikuwa nimeiweka kwenye polepole. Mkono wangu ulikuwa juu ya sindano. Nikaona amekaa kwenye dawati lile lile, kofia ameivua, amejitayarisha. Sikuweza.

"Baba," nikasema, "hiyo sauti si ya mzee."

Nikamweleza yote. Kiswichi. Sahani kubwa na ndogo. Duka la Halima. Kicheko. Nilisema haraka kama mtoto aliyevunja kibuyu. Yeye alikuwa anatazama mashine, si mimi.

"Weka," akasema.

"Niweke ipi?"

"Anavyoimba yeye."

Nikasukuma kiswichi. Wimbo ukaruka chumbani, unagonga dari na kurudi. Mfupi sana. Ukaisha na kile kicheko. Nikaogopa kumtazama.

"Tena."

Nikarudia. Mara ya pili kidole chake kilikuwa kinagonga dawati, si kwa mapigo ya wimbo, kwa mapigo yake mwenyewe. Kicheko kilipofika, Baba akatoa sauti. Nikageuka. Alikuwa analia na mdomo wake umefunguka kama wa mtu anayetabasamu. Sikujua ni lipi kati ya hayo.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Huyu hana hata ndevu."

"Ndiyo, Baba."

"Alikuwa hivi." Akapangusa uso kwa kofia. "Alipoondoka alikuwa hivi. Anaongea haraka, humshiki. Anacheka kabla hajamaliza. Mimi miaka yote nimemzeesha kichwani. Kila mwaka nikimwongezea mwaka. Mpaka nikasahau alivyokuwa. Nimekuwa nikimngoja mtu ambaye simjui."

Nikakaa chini, kwenye sakafu, karibu na mguu wake.

"Hakupata kuwa mzee," akasema. Si kwangu. Kwa ukuta.

Tukakaa. Hakuomba nirudie. Alipoinuka akaweka mkono kichwani mwangu, jambo ambalo hajafanya tangu niende shule ya bweni. Akaenda nyumbani polepole, koti la kanisani limelowa begani.

Jumanne, 25 Julai

Mama alikuja asubuhi kabla ya kengele, peke yake. Anasema jana Baba alilitaja jina. Alilitaja mezani, katikati ya chakula, kama mtu anayeomba chumvi. Halafu akalia mpaka akalala. Mama ana zaidi ya miaka ishirini akingoja afanye hivyo.

Hakuniuliza nimefanya nini. Ameniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kizuri.

Jumamosi, 29 Julai

Wazee wa ukoo wamekuja kutoka Nandi. Wamekaa na Baba kwenye baraza la nyumba za wafanyakazi. Wamezungumza kimya kimya, wamekubaliana Kiprono aagwe. Hakuna mwili, kwa hiyo hakuna kaburi. Ni kunyoa nywele, na maziwa kumwagwa upande wa jua linakotua, na jina liachiliwe, mtoto yeyote wa ukoo aweze kupewa.

Mwenyekiti alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisimama nyuma, kofia mkononi, akakaa mpaka mwisho. Alipokwenda kumpa Baba mkono alisema, "Mzee Lelei, mimi sikujua." Baba akasema, "Hata mimi sikuwa najua." Nimepunguza kumchukia. Si yote.

Jumapili, 30 Julai

Nimejaribu tena wimbo kwa mwendo wa polepole, peke yangu. Nilitaka kuona kama mzee bado yumo. Yumo. Najua ni mashine, najua ni kijana aliyepunguzwa mwendo, na bado yumo, na bado akifika mwisho nasikia kilio. Halima atafurahi nikimwambia. Sijui kama huo ni wimbo au ni kosa. Naupenda.

Zipo sahani nyingine ambazo upande wa pili sijausikiliza.

Jumamosi, 5 Agosti

Shule imefungwa. Kura imepigwa. Vikaratasi ndani ya sufuria, kila mwanahisa anaingiza mkono wake. Baba ametoa kipande cha chini, kule mtoni, mahali penye majimaji. Wengine walimpa pole. Yeye alitazama kikaratasi kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimesoma vizuri. Nimesoma vizuri.

Mama anasema majani ya huko ni mazuri kwa ng'ombe. Mama ana jibu la kila kitu.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya kanisa tumekwenda sote watatu kukiona kipande. Jua kidogo. Mto umejaa lakini unavukika kwenye mawe. Mama alivua viatu akatangulia. Baba akasimama katikati ya maji, fimbo mkononi, anacheka peke yake. Tukamuuliza nini.

Akasema Kiprono alikuwa anaogopa mto. Mtu mzima tayari, ametahiriwa, ana mkuki, lakini mto ukijaa hathubutu. Baba ndiye aliyekuwa anamvusha mgongoni, wakiangalia kwanza kama hakuna msichana karibu. Na akiwa mgongoni alikuwa haachi kuongea, anasema songa kulia, songa kushoto, hilo jiwe linatikisika, kama yeye ndiye mwenye miguu.

Baba akavuka. Akasimama kwenye ardhi yake, akaipima kwa fimbo mahali maji yanapoishia, akasema hapa tutaweka boma.

Mama alikuwa ameshaanza kung'oa magugu.

Sikujua hilo la mto. Nimeandika nisilisahau.